Karani aliyeandika nje ya safu: nasaba ya wana wa Sally Hemings

Mwaka 1870 karani wa sensa aitwaye William Weaver alipita nyumba kwa nyumba katika kaunti ya Ross, jimbo la Ohio, akijaza fomu ya serikali ya Marekani. Fomu ya mwaka ule ilitaka jina, umri, jinsia, rangi, kazi, thamani ya mali na mahali mtu alipozaliwa. Haikuuliza mtu ni mtoto wa nani. Hata uhusiano wa watu wanaoishi chini ya paa moja haukuwa na safu yake mpaka sensa ya 1880. Weaver alipofika kwa mzee mmoja, Madison Hemings, alijaza safu zote kama alivyoagizwa, kisha akaongeza maneno ambayo hakuna aliyemwagiza: mtu huyu ni mwana wa Thomas Jefferson.

Jefferson huyo ndiye aliyeandika rasimu ya Azimio la Uhuru la 1776, akawa rais wa tatu wa Marekani, na akafariki tarehe 4 Julai 1826. Alikuwa mzungu na mwenye watumwa. Madison alizaliwa mtumwa wake.

Kwa mtu anayesaka nasaba, mstari kama huo ni kuokota embe dodo chini ya mnazi. Na dodo la namna hiyo unaligeuza mara mbili kabla ya kuling'ata. Weaver alijuaje? Aliambiwa, ama na Madison mwenyewe, ama na majirani. Kwa hiyo mstari ule haumthibitishi baba. Unathibitisha kwamba mwaka 1870 habari hiyo ilikuwa ikijulikana kijijini kiasi cha kumfanya mtumishi wa serikali aiandike pasipo nafasi yake. Miaka mitatu baadaye, Machi 1873, gazeti la kaunti jirani ya Pike lilichapisha maelezo marefu ya Madison kuhusu maisha yake, na wapinzani wakasema mhariri ndiye aliyempikia maneno kwa sababu za kisiasa. Fomu ya Weaver ilikuwa imeshatangulia. Hapo ndipo thamani yake ilipo.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kina kila kitu ambacho mtafutaji wa babu hukutana nacho: sensa inayobadilisha rangi ya mtu, daftari lenye pengo, makaburi yasiyoonekana, hadithi za familia zinazogongana, na mwisho kipimo cha DNA ambacho kila mmoja alidhani kitamaliza ubishi.

Tuanze na mama. Sally Hemings alizaliwa mwaka 1773, mtoto wa mtumwa aitwaye Elizabeth Hemings. Baba yake, kwa ushahidi wa watu waliokulia pale, alikuwa John Wayles, bwana aliyemmiliki Elizabeth. Wayles huyo ndiye baba wa Martha, mke wa Jefferson. Wayles alipokufa, watumwa wake wakaangukia katika urithi wa Martha, Sally mchanga akiwamo. Martha akawa anammiliki dada yake wa baba mmoja. Kiswahili kinasema wazi jambo ambalo makaratasi ya Virginia yalilinyamazia: Sally alikuwa shemeji yake Jefferson.

Martha alifariki mwaka 1782. Jefferson akaenda Paris kama mwakilishi wa nchi yake, na mwaka 1787 Sally, akiwa na miaka 14 hivi, alipelekwa huko kumsindikiza binti mdogo wa bwana. Madison alisimulia kwamba Ufaransani mama yake angeweza kudai uhuru wake, akakataa kurudi, na akakubali tu baada ya Jefferson kumwahidi kwamba watoto atakaowazaa wataachwa huru wakifika miaka 21. Alirudi Virginia mwaka 1789, na Madison anasema alikuwa mjamzito. Mtoto yule, kwa kauli ya Madison, hakuishi sana.

Baada ya hapo Sally alizaa watoto ambao Jefferson mwenyewe aliwaandika kwenye daftari la shamba lake la Monticello, huko Virginia. Wanne walikua: Beverly wa 1798, Harriet wa 1801, Madison wa Januari 1805, na Eston aliyezaliwa tarehe 21 Mei 1808. Daftari hilo linavutia kwa ukavu wake. Mgao wa blanketi, mgao wa nguo, samaki, tarehe za kuzaliwa, vyote vimeandikwa kwa mwandiko mdogo wa mtu anayependa hesabu. Kwa baadhi ya watoto wa watumwa wengine jina la baba limeandikwa. Kwa watoto wa Sally kuna mama tu.

Msomaji wa pwani atakuwa ameshauliza: si alikuwa suria basi? Madison mwenyewe alitumia neno la maana hiyo hiyo kumweleza mama yake. Lakini sheria zilikuwa mbali mno. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria aliyekubaliwa na bwana huzaliwa huru na hurithi pamoja na watoto wa ndoa. Sayyid Majid na Sayyid Barghash wa Zanzibar walizaliwa na masuria, na hakuna aliyewahoji kiti kwa sababu hiyo. Virginia, tangu mwaka 1662, ilikata shauri kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake. Baba hakuwa na haja ya kuandikwa popote. Ndiyo maana mtafutaji aliyezoea shajara zetu za nasaba, ambazo zinataja baba juu ya baba na kuwapoteza akina mama, akienda kwenye daftari la mtumwa wa Marekani anakuta mambo yamepinduliwa: mama yupo, baba ni pengo. Pengo lenyewe si ushahidi wa lolote. Ila likikaa kwa mwanamke mmoja mtoto baada ya mtoto, katika daftari la mtu asiyesahau hata samaki, unalitia alama.

Wosia wa Jefferson uliwaacha huru watu watano. Madison na Eston walikuwamo. Sally hakutajwa, binti wa Jefferson alimruhusu kuondoka bila karatasi rasmi, akaenda kuishi na wanawe mjini Charlottesville. Januari 1827 watumwa 130 wa shamba lile wakanadiwa kulipia madeni ya marehemu. Katika familia zote za watumwa pale, ni watoto wa Sally peke yao ambao wote walitoka utumwani. Hilo nalo unalitia alama.

Sasa sensa zenyewe. Sensa ya 1830 haikuandika majina ya watu wote. Iliandika mkuu wa kaya, kisha tarakimu katika safu za umri, zikigawanywa kwa weupe, watumwa, na watu huru weusi. Jina la Sally hulipati. Ukitaka kumwona inakubidi utafute kaya ya mwanawe, uhesabu tarakimu, uone mwanamke wa umri wake yuko safu ipi. Yuko safu ya weupe, pamoja na wanawe. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1833, kaunti ilifanya hesabu maalumu ya watu huru weusi, kwa nia ya kujua ni nani angekubali kupelekwa Liberia. Humo Sally ameandikwa kuwa chotara huru. Mama yule yule, mji ule ule. Karani wa 1830 alitazama uso akaandika alichokiona. Yule wa 1833 alikuwa akitafuta watu weusi, akawapata.

Sally alifariki mwaka 1835. Kaburi lake halijulikani lilipo. Wengi mjini Charlottesville wanaamini liko chini ya maegesho ya magari ya hoteli moja katikati ya mji.

Madison na Eston wakahamia Ohio. Sensa ya 1850 ndiyo ya kwanza kumwandika kila mtu huru kwa jina, na humo Eston yuko Chillicothe, chotara, mpiga fidla anayetafutwa kwenye dansi za weupe. Karibu na mwaka 1852 alichukua mke na watoto wake watatu akahamia Madison, mji wa jimbo la Wisconsin, akaanza kujiita E. H. Jefferson. Herufi H ndiyo yote iliyobaki ya Hemings. Huko walikuwa weupe. Alifariki Januari 1856, kwa hiyo sensa ya taifa haikuwahi kumkuta hai kwa jina la Jefferson. Anayemfuata kwa sensa peke yake atamwona Eston Hemings chotara wa 1850, kisha kimya, na pembeni familia ya Jefferson weupe isiyo na mwanzo.

Hapo ndipo makaburi na majina yanapounganisha kilichokatika. Katika makaburi ya Forest Hill, mjini Madison, amelala mwana wa Eston aliyekuwa kanali wa kikosi cha 8 cha Wisconsin katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Jina lake ni John Wayles Jefferson. Eston alimpa mwanawe jina la baba wa mama yake. Mwana mwingine aliitwa Beverly, jina la kaka yake Eston aliyekuwa amepotea. Sisi tunaorithishana majina ya babu tunalisoma jambo hili haraka. Mtu anaweza kubadili jina la ukoo kwa siku moja. Majina ya watoto huwa yanamponyoka.

Yule kanali aliishi na hofu. Mtu aliyemfahamu tangu utoto Chillicothe alisimulia baadaye kwamba alimkuta jeshini, na kanali akamsihi asiwaambie wenzake kwamba ana damu nyeusi. Na katika miaka ya 1940 wazee wa ukoo huo waliibadili hadithi yenyewe: watoto wakawa wanafundishwa kwamba wao ni wazao wa ami yake Jefferson, si wa Jefferson. Wajukuu waliikubali, kwa nini wasiikubali? Tukio hili namkumbusha kila anayeniambia kwamba bibi yake hasemi uongo. Bibi huenda alidanganywa kwa upendo, ili asije kunyimwa nyumba au kazi.

Mpaka hapo tuna makaratasi tu, na upande wa wajukuu weupe wa Jefferson ulikuwa na jibu lake. Walisema baba wa watoto wa Sally ni mmoja wa ndugu wawili, Peter na Samuel Carr, wapwa wa Jefferson. Mjukuu mmoja alimtaja Peter, mwingine akamtaja Samuel. Hawakupatana hata wenyewe. Msimamizi wa shamba, Edmund Bacon, naye alisema aliona mwanamume mwingine, si Jefferson, akitoka chumbani kwa Sally asubuhi, na kwamba huyo ndiye baba wa Harriet. Shahidi mzuri, mpaka uangalie tarehe: Bacon alianza usimamizi mwaka 1806, na Harriet alizaliwa 1801.

Katika miaka ya 1990 daktari mstaafu wa patholojia wa Charlottesville, Eugene Foster, aliamua kupima. Kipimo alichochagua ni cha kromosomu Y, ambayo baba humpa mwanawe wa kiume karibu bila kubadilika, kizazi baada ya kizazi, mfano wa jina la ukoo. Tatizo likaja mara moja: mwana pekee wa ndoa wa Jefferson alikufa mchanga mwaka 1777. Ukoo wa Jefferson kuumeni uliishia kwake. Foster akapanda ngazi moja. Alienda kwa ami yake Jefferson, Field Jefferson, akashuka nao wazao wa kiume mpaka akawapata watano walio hai. Akachukua damu pia ya wazao wa kiume wa ukoo wa Carr, na ya mmoja wa Eston aliyeunganishwa naye na wanaume watupu bila kukatika. Hakupata zaidi ya huyo mmoja.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature tarehe 5 Novemba 1998. Mzao wa Eston na wazao wa Field walikuwa na kromosomu Y ile ile, ya aina adimu sana Ulaya. Akina Carr walikuwa na yao, tofauti kabisa. Na hili halimshangazi anayezungumza Kiswahili: mpwa ni mtoto wa dada, ana damu ya Jefferson upande wa mama lakini kuumeni ni mtu wa ukoo mwingine. Kama Peter au Samuel angekuwa baba wa Eston, kromosomu ingesema Carr. Utetezi uliodumu zaidi ya karne ukaanguka kwa bomba la damu.

Kichwa cha habari cha jarida kilitangaza kwamba Jefferson ndiye aliyemzaa mtoto wa mwisho wa mtumwa wake. Kipimo hakikusema hivyo, na Foster na wenzake walikiri Januari iliyofuata kwamba kichwa kile kilipotosha. Kilichothibitika ni kwamba baba wa Eston alikuwa mwanamume wa ukoo wa Jefferson. Yupi? Kromosomu Y haina mdomo wa kutaja jina. Thomas alikuwa na mdogo wake, Randolph, aliyeishi si mbali na pale, na Randolph alikuwa na wana.

Wengi wanaopima DNA siku hizi wanaishia hapa, ama kwa kushangilia ama kwa kukata tamaa. Lakini ni hapa ndipo makaratasi ya zamani yanaporudi kazini. Jefferson aliandika barua nyingi mno na aliweka kumbukumbu za matumizi kila siku, kiasi kwamba wanahistoria wanajua alilala wapi karibu kila usiku. Eston alizaliwa 21 Mei 1808. Rudi nyuma takriban siku 267 na unaangukia mwishoni mwa Agosti 1807. Jefferson, akiwa rais, alikuwa nyumbani, amekimbia joto la Washington. Ukifanya hesabu hiyo kwa kila mtoto wa Sally aliyeandikwa kwenye daftari, jibu halibadiliki: kila mimba iliingia bwana akiwa nyumbani. Na hakuna mimba hata moja iliyoingia katika ile miezi mingi aliyokuwa safarini.

Randolph je? Ipo barua ya Agosti 1807 ambayo Jefferson anamwandikia mdogo wake kwamba dada yao amefika, na watafurahi naye akija. Wanaomtetea Jefferson huishika barua hii kwa mikono miwili. Lakini ni mwaliko. Hakuna karatasi inayoonyesha kwamba mgeni alifika. Tena ili Randolph awe baba wa watoto wote ingebidi awe anatua pale kila kaka yake anaporudi, kwa zaidi ya miaka 10, na wala hakuna aliyemtaja mpaka DNA ilipowaondoa akina Carr. Mtuhumiwa anayepatikana baada ya yule wa kwanza kuachiwa na mahakama, mimi namtilia shaka. Taasisi inayolitunza shamba la Monticello ilitoa ripoti Januari 2000 ikisema kwa uwezekano mkubwa Jefferson ndiye baba wa Eston, na pengine wa watoto wote sita waliomo kwenye kumbukumbu zake. Chama cha wazao wa Jefferson wa upande wa ndoa, chenye kumiliki makaburi ya familia pale pale, kilipiga kura mwaka 2002 kikakataa kuwapokea akina Hemings.

Kuna kioja kidogo cha mwaka 2007. Watafiti wa Uingereza waliitazama upya kromosomu ile wakaona ni ya kundi ambalo leo linaitwa T, linalopatikana zaidi Mashariki ya Kati na Afrika Mashariki. Watu wakaanza kumtafutia Jefferson babu wa huku kwetu. Lakini watafiti hao hao waliikuta kwa Waingereza wawili wenye jina la Jefferson. Mizizi ya kundi ni ya maelfu ya miaka. Haimfanyi mtu kuwa binamu wa Msomali.

Walioumia zaidi na majibu ya 1998 ni wazao wa Thomas Woodson. Kwao hadithi ilipokewa kizazi hadi kizazi, katika matawi ya familia yaliyokuwa yametengana: babu yao ndiye yule mtoto wa mimba ya Paris, aliyefukuzwa shambani akiwa kijana. Katika hadithi zote za kisa hiki, ya kwao ndiyo iliyokuwa na wasimuliaji wengi na wenye msimamo zaidi. Wazao watano, kutoka kwa wana wawili wa Woodson, walipimwa. Hakuna aliyefanana na Jefferson. Wengi wao hawakukubali, na mimi siwacheki. Hata hivyo kumbukumbu za shamba hazimwonyeshi mtoto huyo, na Madison alisema hakuishi. Damu na daftari vimesema neno moja.

Kwa Madison, ambaye hadithi yake ndiyo iliyosimama, kipimo hakijafanyika. Uzao wake wa kiume kuumeni haukupatikana ukiwa hai. Lakini mwanawe William alipigana upande wa Kaskazini, akafariki mwaka 1910 katika hospitali ya maaskari wastaafu huko Kansas, na kaburi lake lina namba katika makaburi ya taifa ya Leavenworth. Baada ya 1998 waliokuwa wakitilia shaka waliwaomba wazao wa Madison ruhusa ya kufukua mifupa. Familia ikakataa: mzee aachwe apumzike. Wapinzani wakasema wanaogopa jibu. Mimi naona walikuwa na haki yao, na kisayansi faida ingekuwa ndogo: mifupa ingesema tena "Jefferson", na ubishi wa yupi ungebaki pale pale.

Waliobaki ni Beverly na Harriet. Daftari la shamba linasema waliondoka mwaka 1822, kana kwamba walitoroka. Bacon anasema kwa agizo la bwana alimpa Harriet dola 50 na kumpandisha gari la farasi. Wakaingia upande wa weupe na sensa ikawapoteza, kwani jina walilolitumia halijulikani na safu ya rangi ingekuwa inawasitiri. Wazao wao, kama wapo, huenda wameshatema mate kwenye vichupa vya kampuni za DNA na kushangaa asilimia ndogo ya Afrika wasiyoielewa.

Mwaka 1873 mwandishi wa lile gazeti la Pike alikaa na Madison akaandika maelezo yake yote. Madison alisema Harriet aliolewa na mzungu wa Washington mwenye nafasi nzuri, akalea watoto, na kwamba miaka 10 ilikuwa imepita bila kusikia habari zake. Akaongeza kwamba jina la mumewe angeweza kulitaja, ila kwa sababu za busara hatalitaja.

Mwandishi akaliandika hilo nalo kama lilivyo, na Madison akaendelea kusimulia habari za Eston.